Shujaa wa Tanzia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu tanzia za jukwaani, hasa zile za Ugiriki ya kale na za Shakespeare, kwa kuwa ndizo zinazosomwa darasani na ndizo zinazozua ubishi mwingi. Yana msimamo wake. Asiyekubaliana nao afungue tamthilia yenyewe, ndiyo hakimu.

Kwa kifupi, shujaa wa tanzia anafanywa na nini?

Si kifo chake, wala si wingi wa mateso. Ni mtu mwenye uzito, asiye mwovu na asiye malaika, anayeamua kutenda jambo, na tendo hilohilo likamwangamiza. Kisha, kabla mchezo haujaisha, anakuja kujua kwamba mkono uliomvunja ulikuwa wake. Ukiondoa tendo, kinabaki kisa cha ajali. Ukiondoa kule kujua, unabaki na mtu aliyeanguka tu, na walioanguka ni wengi.

Huyu Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki anayetajwa kila mahali, alisema nini hasa?

Kwanza tukumbuke kwamba aliandika katika karne ya 4 KK, wakati watunzi wakuu wa tanzia, Aeschylus, Sophocles na Euripides, walikuwa wamekwisha kufa. Hakuwapa kanuni za kufuata. Alitazama nyuma akajiuliza kwa nini tamthilia fulani zinashika moyo na nyingine hazishiki.

Anapanga hivi. Mtu mwema kabisa akitoka kwenye heri akatupwa kwenye shari, hadhira inachukizwa. Mwovu akifanikiwa, hakuna tanzia kabisa. Mwovu akianguka, watu wanaridhika kuwa haki imetendeka, lakini hakuna anayemlilia. Anayebaki ni mtu wa katikati, mwenye jina na hadhi, anayeanguka kwa kosa kubwa na si kwa uovu wa moyo. Tunamhurumia kwa sababu yaliyompata yanazidi alichostahili, na tunaogopa kwa sababu ni mtu kama sisi.

Kuna jambo jingine alilolisema ambalo wanafunzi hulisahau: kwake yeye, mpangilio wa matukio unatangulia tabia za wahusika. Tanzia inaiga tendo. Ndiyo maana si sahihi kuanza uchambuzi kwa kuorodhesha sifa za shujaa kana kwamba unamwandikia barua ya utambulisho.

Hilo "kosa" si ndiyo kasoro ya tabia tunayofundishwa?

Hapa ndipo vitabu vya mwongozo vinapowapoteza watu. Mwanafunzi anaambiwa kila shujaa ana doa moja: Othello ana wivu, Macbeth ana tamaa, Hamlet anasitasita, Oedipus ana hasira. Ukishalitaja doa, umemaliza kazi. Kama ingekuwa hivyo, tanzia ingekuwa hadithi ya kuwaonya watoto wasiwe na hasira.

Hamartia, neno la Kigiriki ambalo Aristotle alilitumia kwa hilo "kosa", iko karibu zaidi na kosa la tendo, yaani kufanya jambo zito bila kuujua ukweli wote, kuliko ubovu wa tabia. Mtazame Oedipus wa Sophocles. Alipoambiwa huko Delphi, kwenye hekalu la utabiri la mungu Apollo, kwamba atamuua baba yake na kumwoa mama yake, hakurudi Korintho, mji alioamini wazazi wake wanaishi. Mtu mwema angefanya nini kingine? Akiwa safarini, mahali njia tatu zinapokutana, akakorofishana na mzee aliyepanda gari la farasi pamoja na wafuasi wake. Walimsukuma atoke njiani, mzee akampiga kichwani, na yeye akarudisha kipigo kilichoua. Hasira ipo, hakuna anayeikana. Lakini kilichomfanya awe muuaji wa baba yake si hasira. Ni kwamba hakujua yule mzee ni nani.

Sasa angalia kinachomfikisha kwenye ukweli. Ni sifa zake bora. Tauni imeingia Thebes, mji anaoutawala, wazee na watoto wanakuja kumlilia, na kabla hawajamaliza kulia anawaambia kwamba ameshamtuma shemeji yake Creon kwenda Delphi kuuliza dawa. Jibu linakuja kuwa muuaji wa Laius, mfalme aliyemtangulia, atafutwe na kuondolewa mjini. Oedipus anamlaani muuaji huyo hadharani, kwa sauti, bila kujua anajilaani mwenyewe. Mtu huyu ndiye aliyetegua kitendawili cha Sphinx, zimwi lililoutesa mji, na hawezi kuacha fumbo bila kulifumbua. Jocasta, mkewe na mjane wa Laius, ambaye ameelewa kabla yake, anamsihi aache kuuliza. Hataki. Analetwa mchungaji mzee, naye anakataa kusema mpaka anapotishwa. Mwisho mchungaji anasema amefika ukingoni mwa kutamka jambo la kutisha. Oedipus anajibu kwamba naye yuko ukingoni mwa kulisikia, lakini lazima asikie.

Jibu hilo fupi ndilo linalombeba shujaa mzima. Mtu mvivu, au mwoga, au mfalme asiyejali raia wake, angeweza kuishi na siri ile mpaka uzeeni na kuzikwa kwa heshima. Oedipus anaangamizwa na kilekile kilichomfanya awe mkubwa.

Kwa hiyo kiburi hakihusiki?

Kinahusika pale mwandishi alipokiweka. Creon katika Antigone, ambako sasa ndiye mfalme, ana kiburi, tena cha waziwazi: mwanawe anamshauri, yeye anamfokea; mtabiri kipofu Tiresias anamwonya, yeye anamtuhumu kuwa amehongwa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila hapa mkuu mwenyewe ndiye asiyesikia. Lakini ukibeba kipimo cha kiburi na kukibandika kwa kila shujaa, utafika kwa Othello au Romeo na kukuta huna la kusema.

Kama yote yalikuwa yametabiriwa, Oedipus ana kosa gani?

Sophocles hakulikwepa swali hili. Oedipus anapotoka ndani akiwa amejitoboa macho kwa vikwasi vya nguo ya Jocasta, korasi inamuuliza ni mungu gani aliyemsukuma. Anajibu kwamba Apollo ndiye aliyeyatimiza mateso yake, lakini mkono uliopiga macho ni wake mwenyewe, si wa mwingine. Majibu yote mawili yanasimama, na mwandishi hayapatanishi.

Tena kuna jambo la kiufundi ambalo wengi hulipita. Kuua na kuoa vimetokea miaka mingi kabla ya mchezo kuanza. Tunachokiona jukwaani ni uchunguzi. Utabiri ulisema atamuua nani na atamwoa nani. Haukusema kwamba atamlaani muuaji, atamtisha mchungaji, au atakataa ombi la mkewe. Hayo aliyaamua siku hiyohiyo, mbele ya macho yetu. Kama angekuwa kikaragosi cha miungu tu, tungemwonea huruma, lakini tusingekaa kimya vile mchungaji anapoanza kuzungumza.

Mgeuko na utambuzi ni nini, na kwa nini huenda pamoja?

Mgeuko ni pale jambo lililofanywa kwa nia moja linapozaa kinyume chake. Utambuzi ni kutoka gizani na kuingia katika kujua. Aristotle alisema vikitokea kwa pamoja tanzia inafikia kilele, na mfano wake ni mjumbe wa Korintho.

Mjumbe huyo anakuja na habari anazodhani ni njema: mfalme Polybus wa Korintho amekufa, Oedipus aende akatawale. Oedipus anapumua, maana "baba" amekufa bila yeye kumgusa. Anabaki na hofu ya mama tu. Mjumbe, kwa wema wake wote, anamwambia asihofu, wale hawakuwa wazazi wake. Yeye mwenyewe ndiye aliyempokea akiwa mtoto mchanga, miguu imetobolewa, kutoka kwa mchungaji wa nyumba ya Laius. Alikuja kuondoa hofu, akaleta mwisho. Hakuna adui kwenye onyesho hilo, wala hakuna mtu aliyekusudia ubaya.

Othello anatambua akiwa amechelewa zaidi. Amekwisha kumuua mkewe Desdemona kitandani kwa uongo wa Iago kwamba si mwaminifu, ndipo Emilia, mke wa Iago, anapoeleza leso iliyotumika kama ushahidi ilivyomfikia Iago. Majuto ni mjukuu, na Othello anayapata yote katika dakika chache.

Mbona Iago naye haitwi shujaa wa tanzia? Ameanguka pia.

Hatambui chochote. Anapokamatwa anasema hatatamka neno tena, na kweli hatamki.

Ni lazima shujaa afe?

Hapana. Oedipus anabaki hai. Creon anabaki hai, akiwa amempoteza mwanawe Haemon na mkewe Eurydice ndani ya siku moja. Kwa upande mwingine, Polonius anachomwa upanga nyuma ya pazia katika Hamlet, na hakuna anayemwita shujaa wa chochote. Huko Ugiriki kifo kwa kawaida hakikuonyeshwa hata kidogo. Mjumbe alitoka akasimulia.

Ni lazima awe mfalme au mtu mkubwa?

Wagiriki na Shakespeare walipenda wafalme kwa sababu mfalme akianguka anaanguka na mji wake. Lakini methali ya "mpanda ngazi hushuka" haitoshi kueleza tanzia. Kushuka ngazi peke yake ni habari ya bahati.

Mwaka 1949 Arthur Miller alitoa Death of a Salesman, na mwaka huohuo akaandika makala ya kutetea kwamba mtu wa kawaida anafaa kuwa shujaa wa tanzia sawa na mfalme, mradi yuko tayari kutoa uhai wake kwa ajili ya heshima yake. Nadhani yuko sahihi kuhusu cheo. Ninachobishana nacho ni Willy Loman mwenyewe, mhusika mkuu wa tamthilia hiyo. Willy anakwenda kujiua akiamini kwamba dola 20,000 za bima zitamwinua mwanawe Biff. Ndoto iliyomuua bado anaikumbatia. Anayetambua ni Biff. Kwa hiyo tanzia ipo, ila imegawanywa kwa watu wawili: mmoja anaanguka, mwingine anaona. Pengine ndiyo maana watu hutoka ukumbini wakimlilia Willy na kumzungumzia Biff.

Katika Antigone, shujaa ni nani: Antigone au Creon?

Ubishi huu hauishi. Ndugu wawili, Eteocles na Polynices, wameuana wakigombea Thebes. Creon, mfalme mpya, anaamuru Polynices asizikwe kwa kuwa aliuletea mji vita. Antigone, dada yao, anamzika, akijua adhabu ni kifo, naye Creon anamfungia pangoni akiwa hai.

Mwanafalsafa wa Kijerumani Hegel aliona hapa haki mbili zinazogongana: ya dola na ya familia, kila moja ikiwa na hoja, kila moja ikikosea kwa kuikana nyingine. Ni fikra nzito, lakini mchezo wenyewe unamwelemea Creon zaidi ya alivyokubali Hegel, kwa kuwa Tiresias anasema wazi kwamba madhabahu zimechafuliwa na nyama ya maiti iliyobebwa na ndege na mbwa.

Ukitumia kipimo cha Aristotle, Creon ndiye anayekitosha. Anatenda, anageukiwa, anatambua. Kuna kipande kidogo ambacho msomaji wa haraka hukiruka. Baada ya Tiresias kuondoka, Creon anatishika, anawauliza wazee afanye nini. Wanamwambia: nenda kamtoe msichana pangoni, kisha mjengee kaburi yule aliyelala wazi. Mjumbe anaporudi na habari, tunasikia kwamba walianza na maiti: wakaiosha, wakaichoma, wakarundika udongo, ndipo wakaenda pangoni. Antigone alikuwa amekwisha kujinyonga. Creon alikuwa amekubali kubadilika, na bado akapanga mambo kwa namna ileile aliyoizoea, taratibu kwanza, mtu aliye hai baadaye. Sioni mahali pengine Sophocles alipomchora mtu kwa mstari mwembamba kama huo.

Antigone yeye habadiliki hata chembe. Anajua tangu mwanzo. Moyo wa hadhira uko kwake, jina la tamthilia ni lake, lakini anguko tunalolitazama likitokea hatua kwa hatua ni la mjomba wake.

Macbeth ni muuaji wa watoto. Tumhurumie vipi?

Kwa kuwa anajua. Oedipus anatenda bila kujua halafu anajua. Macbeth anajua kwanza, kisha anatenda. Kabla ya kumuua mfalme Duncan anakaa peke yake akihesabu sababu za kutofanya hivyo: huyu ni jamaa yangu, mimi ni raia wake, tena ni mgeni wangu, na mwenyeji anapaswa kumfungia mlango muuaji, si kushika kisu mwenyewe. Anakiri kwamba hana kinachomsukuma ila tamaa yake ya makuu. Kama mchezo ungeishia hapo, tungemsifu kwa busara.

Baadaye, akiwa mfalme na majeshi yanamjia, anasema kwamba vitu vinavyopaswa kuandamana na uzee, yaani heshima, upendo, utii na marafiki, yeye asivitarajie. Mahali pake atapata laana za chini kwa chini. Mwovu wa kawaida hana hesabu hiyo kichwani. Aristotle asingemweka Macbeth kwenye orodha yake, nadhani, na hapo ndipo Shakespeare anapompita.

Na katika Julius Caesar?

Brutus, ingawa Kaisari ndiye mwenye jina juu ya jalada. Wasomaji wa Kiswahili wamemjua kwa tafsiri ya Julius Nyerere, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1963. Cassius, mwenzake katika njama ya kumuua Kaisari, anataka Antony, rafiki wa Kaisari, auawe pia. Brutus anakataa, hataki wawe wachinjaji. Cassius anaonya Antony asiruhusiwe kuhutubia mazishini. Brutus anamruhusu, kwa kuwa anaamini sababu njema inajitetea yenyewe. Maamuzi yote mawili ni ya mtu muungwana na yote mawili yanamuua. Nani ataandika hapo "kasoro: uungwana"?

Medea anaua wanawe na kutoroka salama. Ni tanzia gani hiyo?

Ya kutisha. Tamthilia hii ya Euripides ilishindanishwa Athens mwaka 431 KK na ikashika nafasi ya mwisho kati ya washindani watatu. Medea anasema mwenyewe kwamba anaelewa ubaya anaotaka kuutenda, ila hasira yake imezishinda fikra zake. Kujua kupo, tendo lipo, hasara ipo. Kinachokosekana ni adhabu, na adhabu haikuwa sharti kamwe.

Kinjeketile wa Ebrahim Hussein anaingia katika kundi hili?

Anaingia bila kubembelezwa. Tamthilia hiyo ya mwaka 1969 inatokana na Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Kinjeketile anawaunganisha watu kwa neno kuhusu maji, kisha neno lile linakua, linamzidi yeye aliyelizaa, na vita vinaanza bila amri yake. Mwishoni, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anatakiwa aseme maji yalikuwa uongo. Anakataa, kwa kuwa kuyakana kungefuta pia sababu iliyowafanya watu wapigane. Anayajua makosa yake na bado anachagua kuyabeba. Anafanana zaidi na Antigone mwishoni na zaidi na Oedipus katikati, na huo ni mchanganyiko mgumu kuuandika.

"Takaso" la hisia ni nini?

Aristotle alilitaja katika fasili yake ya tanzia, kwamba huruma na hofu huleta takaso, bila kulieleza pale. Wasomi wamebishana tangu hapo kama ni kusafisha hisia, kuzipunguza au kuzielewa. Kwa kumsoma shujaa, haikusaidii sana. Yatazame yaliyo jukwaani.

Mwalimu ametaka nitaje kasoro ya shujaa na niithibitishe. Nifanyeje?

Mpe anachotaka, lakini usiishie hapo. Taja kasoro kwa sentensi moja, kisha tafuta uamuzi mmoja mahsusi ambapo shujaa angeweza kwenda upande mwingine. Uliza alijua nini wakati ule, na hakujua nini. Halafu uliza kama sifa iliyomsukuma hapo si ndiyo iliyomfanya aheshimiwe mwanzoni. Jibu lenye onyesho moja lililosomwa kwa makini hushinda jibu lenye sifa kumi zisizo na ushahidi. Na usiandike kwamba Hamlet "alisita" bila kutaja ni wapi. Taja, kwa mfano, pale anapomkuta Claudius, ami yake aliyemuua baba yake, amepiga magoti akisali, anaacha kumuua asije akamtuma mbinguni. Anapoondoka tu, Claudius anasema maneno yake yanapanda juu lakini mawazo yake yamebaki chini. Sala haikuwa sala. Hapo una kinaya, una kosa la kutojua, na una uamuzi, vyote katika onyesho moja.

Nianze na tamthilia ipi?

Oedipus wa Sophocles, ambaye Samuel Mushi alimtafsiri kwa Kiswahili kama Mfalme Edipode. Ni fupi, inasomeka kwa mkao mmoja. Ukifika kwa mchungaji, soma kwa sauti na mwenzako, mmoja awe Oedipus na mwingine mchungaji, bila kuharakisha. Baada ya hapo soma Antigone, kisha Macbeth. Hamlet aje mwisho. Ni mrefu, na anawachosha wanaomwanza mapema.